Idadi Halali ya Kaseti

Wananchi wote wa Kabati, Tulia na vitongoji vyake walijulishwa, kwa barua iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi, kwenye ukuta wa posho mill ya kusagia mahindi na ndani ya choo cha soko, ambako watu husoma kwa utulivu, kwamba kabla mwaka huo wa 1994 haujaisha, Serikali ingejua kwa hakika na kwa kudumu mtu mmoja anafaa kuwa na gemu ngapi za video za zamani.

Wananchi waliisoma barua wakatazamana. Wengi hawakuwa na habari kwamba kulikuwa na tatizo. Lakini ndiyo kazi ya Serikali iliyo macho, kukuona una tatizo kabla wewe mwenyewe hujaliona.

Katika tarafa nzima, mtu mwenye gemu za video za zamani alikuwa mmoja. Wengine walikuwa na mbuzi. Mtu huyo mmoja alikuwa Bwana Josphat Nzuki, Afisa wa Maendeleo ya Jamii, ambaye pia ndiye aliyeiandika barua, akaipiga muhuri, na kuibandika chooni kwa mkono wake akiwa amevaa tai.

Tuseme ukweli kuhusu Bwana Nzuki, maana hata yeye alikuwa akijiambia ukweli huo faraghani. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, shemasi wa kanisa, mwenye kitambi cha heshima na miwani ya kusomea, na alikuwa na kaseti sitini za gemu. Zilikuwa za mashine ya mwanzo wa miaka ya themanini ambayo hata Nairobi walikuwa wameshaisahau. Aliichomeka kwenye televisheni nyeusi-na-nyeupe, televisheni akaichomeka kwenye betri ya gari, na betri ikichoka aliipeleka kuchajiwa dukani kwa Abdulatif, akiifunika gunia barabarani ili watu wasijue ni ya nini. Watu walijua. Kabati ni mahali ambapo ukinunua soksi mpya, jirani anakuuliza ile nyingine ilitobokea wapi.

Ukimuuliza za nini, angekujibu kwamba anahifadhi urithi wa teknolojia kwa vizazi vijavyo. Hiyo ilikuwa lugha ya ofisi. Ukweli ni kwamba alichunga mbuzi hadi umri wa miaka kumi na minne, na mbuzi si wachezaji wazuri, hawafuati kanuni. Alipopelekwa Nairobi kwa kozi ya kazini, akiwa tayari afisa, aliona kaseti dirishani mwa duka la vifaa vya umeme, yenye picha ya mtu mdogo anayechimba kisima, akashinda njaa wiki mbili akainunua kabla hata hajawa na mashine ya kuichezea. Mtu mdogo yule anachimba, mawe yanaanguka, nyoka wanakuja, na akichimba upesi maji yanajaa mpaka juu. Kwa mtoto wa Kitui, maji kujaa mpaka juu si mchezo mdogo. Tangu hapo alizipenda tu, basi, na mtu mzima huona haya kusema anapenda kitu kisicholiwa wala kukamuliwa.

Shida ilianzia nyumbani. Nyumba ya Serikali ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, na kimoja kilikuwa cha kaseti.

"Baba Mbinya," mkewe Syombua alimwambia jioni moja, akichambua pojo kwenye ungo, "mama anakuja Desemba. Miguu imekataa, hawezi tena kukaa peke yake kule Mutomo. Nataka kujua atalala wapi."

"Mama Mbinya, hilo ni jambo la kupangwa."

"Panga basi. Nimeangalia chumba. Mtu hawezi kulala juu ya kaseti sitini."

"Lakini sitini si nyingi."

"Ni ngapi ndiyo nyingi?"

Miaka ishirini na miwili ya utumishi ilikuwa imemfundisha Bwana Nzuki kwamba swali lisilo na jibu halijibiwi, huundiwa kamati.

"Hilo," alisema, akivua miwani, "haliwezi kuamuliwa na mtu na mke wake. Litaamuliwa kitaalamu."

Syombua aliendelea kuchambua. Alikuwa mwanamke mpole, na watu wapole ndio wa kuogopwa. "Sawa," alisema. "Kamati ikisema themanini, mama atalala sebuleni na mimi sitafungua mdomo. Ikisema chache, chumba ni chake na wewe hutafungua mdomo. Mimi nitafuata kamati. Na wewe?"

"Mimi ndiye mwenyekiti," alisema Bwana Nzuki, na akalala usingizi mzuri sana.

Ndivyo ilivyozaliwa Kamati ya Kukadiria Ukubwa wa Makusanyo ya Gemu za Video, kwa kifupi KAKUMAGEVI. Wajumbe walichaguliwa kwa uangalifu, maana yake walikuwa watu ambao Bwana Nzuki aliamini hawatambishia. Alikuwako Chifu Mulei, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumpinga mtu mwenye muhuri. Alikuwako Bi Nzilani, afisa wa mifugo, aliyeolewa Tawa na kurudi huko kila Ijumaa. Alikuwako Mama Kalondu, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, aliyewekwa kwa ajili ya maadili. Na alikuwako Abdulatif, mwenye duka la redio, ambaye babu yake alitoka pwani na kushukia Kabati kwa siku mbili, siku mbili hizo zikawa miaka sabini. Yeye aliwekwa kama mtaalamu.

Kikao cha kwanza kilifunguliwa kwa sala na kusomwa kwa hadidu za rejea, ambazo zilikuwa ndefu kuliko sala. Hakuna mjumbe aliyeuliza kaseti zinazojadiliwa ni za nani. Walisema "mkusanyaji", "mhusika", "mwananchi huyo", huku wote wanne wakimtazama mwenyekiti kwa macho makavu.

Bi Nzilani ndiye aliyeleta sayansi. "Mwenyekiti, hii kitu ni kama mifugo tu," alisema. "Kwanza tunapima malisho. Halafu tunasema hii shamba inabeba vichwa ngapi."

"Sasa gemu inakula nini?" Chifu Mulei aliuliza.

"Inakula saa, Bwana Chifu. Sasa tuchukue mwananchi wa kawaida, tuseme ni mtumishi wa Serikali. Anatoka kazini saa kumi na moja. Anaoga, anakula. Jumamosi kuna matanga au harambee. Jumapili kanisa. Ukitoa hizo zote, kwa wiki anabaki na saa sita."

"Sita kama hana mke," alisema Mama Kalondu.

"Tuache sita. Na gemu moja isipochezwa saa mbili kwa wiki, hiyo inakonda. Sita gawanya kwa mbili ni tatu."

Aliandika 3 ubaoni, akapiga mstari chini yake mara mbili. Lakini Bwana Nzuki hakuwa mtoto wa jana. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Waheshimiwa," alisema, "hesabu ya Bi Nzilani ni nzuri, ni ya kitabuni. Lakini nani hapa ndani baba yake alifuga ng'ombe kwa ajili ya maziwa peke yake? Sisi ni watu wa ukame. Ukiwa na ng'ombe watatu na ukame ukaja, unabaki na kamba. Ndiyo sababu wazee walifuga wengi. Kaseti nazo zina ukame wake. Nyingine zinakufa. Kiwandani hazitengenezwi tena. Napendekeza themanini."

Maneno yalimwingia kila mtu. Chifu Mulei alitikisa kichwa kwa muda mrefu, akawakumbuka ng'ombe fulani.

"Na hizo themanini," Mama Kalondu aliuliza, "betri ikiisha chaji zinafanya nini?"

"Zinangoja."

"Haya."

Wakakubaliana themanini. Bwana Nzuki aliandika rasimu jioni hiyo hiyo, akaipeleka kwa D.O., mkuu wa tarafa, akaenda nyumbani na kucheza ile gemu ya kisima mpaka ngazi ya saba, ambako alikufa kama kawaida. Kwa miaka kumi na moja hakuwa amewahi kuivuka ngazi ya saba.

Rasimu ilirudi baada ya wiki mbili ikiwa na wino mwekundu pembeni. D.O. alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu, wa aina ile inayosoma kila kitu inacholetewa. Aliandika: *Ushahidi wa uwanjani uko wapi? Kagueni boma moja la mfano mhesabu. Ikiwezekana la mwenyekiti. Kiongozi huanzia kwake.*

Bwana Nzuki aliyasoma maneno hayo mara tatu. Aliona kwamba themanini za kwenye karatasi ni sera, lakini sitini za chumbani ni aibu. Aliwaona wajumbe wakihesabu moja moja kwa sauti, aliiona ripoti ikienda Kitui mjini na jina lake, aliwasikia makarani wakicheka. Afisa wa Maendeleo ya Jamii, shemasi, sitini. Jamani, tusimcheke sana.

Basi akafanya alichofanya babu yake. Zamani za mkoloni, Serikali ilipokuja kuhesabu ng'ombe ili iwapunguze, watu wa Ukambani hawakubishana na Serikali. Waliwatawanya ng'ombe kwa marafiki na mashemeji, mmoja huku watatu kule, mzungu akafika akakuta zizi lina ndama na mzee mnyenyekevu. Ilikuwa njia nzuri na ilifanya kazi. Bwana Nzuki alisahau jambo moja tu, kwamba safari hii Serikali ilikuwa yeye.

Alimwendea kila mjumbe siku yake, kwa siri, akiwa na katoni iliyofungwa kwa kamba. Chifu Mulei alipewa kumi na tano, Bi Nzilani kumi na tano, Mama Kalondu kumi na tano, Abdulatif kumi na mbili. Kila mmoja aliambiwa kwamba ni yeye peke yake anayeaminiwa.

"Amana ni amana, Bwana Nzuki," alisema Abdulatif, akiisukuma katoni chini ya kaunta bila kuuliza neno.

Mama Kalondu aliuliza. "Sasa nitakaa nazo tu nikiziangalia?"

Bwana Nzuki, kwa kutaka kuonekana mtu wa watu, alicheka. "Mama, wewe unajua desturi. Anayetunza ng'ombe wa mwenzake si hukama?"

"Hukama," alisema Mama Kalondu, na akalitia neno hilo akilini.

Nyumbani alibakiza kaseti tatu. Hakuchagua zile azipendazo, hakuwa mjinga. Kisima alikipeleka kwa Mama Kalondu, ndani kabisa ya katoni, kimefungwa kwa taulo. Alibakiza tatu zilizokufa zamani, ambazo ukizichomeka televisheni inaonyesha mvua tu. Endapo kamati ingechukua sampuli, ichukue hizo.

Siku ya ukaguzi wajumbe walifika saa nne asubuhi. Syombua aliwapikia chai na mandazi, akakaa kwenye kiti cha pembeni akifuma kitambaa. Chumba cha pili kilikuwa kimefagiwa kikawa kama ukumbi. Katikati, juu ya kitambaa cha kufuma, zilikaa kaseti tatu.

Bi Nzilani alipima chumba kwa tepi yake ya kupimia vifua vya ng'ombe. Chifu Mulei alihesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Akahesabu tena kutoka upande wa pili, kwa uhakika. Abdulatif aliinua moja, akaigeuza, akaipuliza vumbi, akairudisha.

"Ni hizi tu, Mwenyekiti?" aliuliza Mama Kalondu. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayepokea sadaka.

"Ni hizo," alisema Bwana Nzuki.

"Hakuna zingine mahali?"

"Mimi ni mtu wa kiasi, Mama."

Wajumbe wanne, kila mmoja akiwa na katoni nyumbani kwake, walitazama ukuta. Kisha Bi Nzilani akafungua kitabu chake.

"Mwenyekiti, mimi nimeguswa," alisema. "Siku ile kwa hesabu tulipata tatu. Wewe ukatetea themanini, ukawatetea wananchi walafi, kwa huruma yako. Kumbe mwenyewe nyumbani kwako unaishi na tatu. Sayansi imesema tatu, na uwanja umesema tatu. Napendekeza tatu iwe idadi halali kwa kila boma."

"Naunga mkono," alisema Chifu Mulei, ambaye aliamini kwa moyo wake wote kwamba anamsifu mkubwa. "Na iitwe Kipimo cha Nzuki."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Palikuwa na nafasi, pana kabisa. Bwana Nzuki alihitaji kusema sentensi moja: jamani, nilizificha, ninazo sitini, nazipenda. Alimtazama Abdulatif, Abdulatif akatazama chai. Alimtazama mkewe, na Syombua aliacha kufuma, akangoja. Kwa kweli alingoja, na macho yake hayakuwa na ubaya wowote. Laiti angesema siku ile, pengine mambo yangekuwa mengine.

"Sina pingamizi," alisema mwenyekiti.

Alitia sahihi, akapiga muhuri. Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, aliongeza barua ya pili iliyotangaza kwamba kamati imemaliza kazi yake na imevunjwa.

D.O. alifurahi mno. Aliandika kwamba katika utumishi wake, ambao ulikuwa wa miezi minane, hajaona afisa aliyejiwekea kipimo kigumu hivyo. Waraka ulichapwa na nakala zikapelekwa tarafa zote, nyingine zikavuka hata mpaka wa wilaya zikafika Makueni. Kaseti tatu kwa kila boma. Atakayezidisha atazisalimisha ofisini.

Desemba mama mkwe alifika na mkongojo wake na kuku wawili, akawekwa chumba cha pili. Zile kaseti tatu zilizokufa alizikuta dirishani, akaziona zina usawa mzuri, akawa anaweka juu yake chupa ya dawa. Syombua hakumcheka, na Bwana Nzuki, kama masharti ya mkewe yalivyosema, hakufungua mdomo.

Alivumilia mpaka Januari, kisha akaenda kwa Chifu Mulei kuomba zake.

"Mkubwa," chifu alimwambia kwa masikitiko, "unataka niponze kazi yako? Wewe uko na tatu. Nikikurudishia, utakuwa na kumi na nane. Jina lako liko kwenye waraka."

"Lakini wewe mwenyewe unazo kumi na tano, Chifu."

"Nilikuwa nazo. Niliposoma waraka niliogopa. Nikabaki na tatu, zingine nikagawa kwa majirani, tatu tatu. Hapa tuko sawa kisheria."

Bi Nzilani alikuwa amefanya vivyo hivyo kule Tawa. Abdulatif naye alikuwa amegawa zake, na kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara na si afisa, alikuwa pia amefikiri mbele: alileta kutoka Nairobi mashine za bei ya chini zinazokubali kaseti za zamani, akaziuza kwa mkopo wa pole pole. Bwana Nzuki alipiga hesabu akiwa amesimama dukani. Kaseti hamsini na saba, tatu kwa kila boma, ni maboma kumi na tisa. Hakuna hata boma moja lililozidisha. Hakuwahi kuona waraka wa Serikali ukitekelezwa kikamilifu hivyo, na machozi yalimlengalenga.

Kwa Mama Kalondu, ambaye naye alikuwa amegawa akabaki na tatu, kisima kikiwamo, alikwenda na wazo. Hakuomba kurudishiwa, aliomba kubadilishana. Yeye atoe moja, apewe kisima. Hesabu itabaki ile ile.

"Hiyo ni sawa kabisa," alisema Mama Kalondu. "Lakini si kubadilishana kunataka kibali cha kamati?"

"Ndiyo, kifungu cha tisa cha waraka."

"Na kamati iko wapi?"

Bwana Nzuki alivaa kofia yake akaondoka. Njiani alikaa juu ya jiwe, akajicheka, kwanza kidogo, halafu sana, mpaka mwanamke aliyepita na punda wa maji akamuuliza kama ni mgonjwa. Alimjibu kwamba ni mwenyekiti.

Februari ilikuja barua nyingine kutoka kwa D.O. Kwa kutambua uadilifu wake, Bwana Nzuki aliteuliwa Mkaguzi wa Utekelezaji wa Kipimo cha Nzuki. Kila Jumamosi angetembelea boma moja, ahesabu kaseti, ajaze fomu. Hakuna posho. Watu walidhani atakataa. Alikubali siku hiyo hiyo, na Jumamosi ya kwanza alikuwa mlangoni kwa Mama Kalondu saa mbili asubuhi, amenyoa ndevu.

Sebule ilikuwa imejaa akina mama wa kanisa, wamekaa kwenye mabenchi kwa utaratibu, kila mmoja akijua anamfuata nani. Televisheni ilikuwa juu ya kabati la vyombo. Mama Kalondu alikuwa na rimoti ya gemu mkononi na yule mtu mdogo alikuwa anachimba, anakwepa jiwe, anakwepa nyoka, kwa wepesi ambao Bwana Nzuki hakuwahi kuuona.

"Hiyo ni ngazi ya ngapi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ya kumi na mbili," mama mmoja alimjibu bila kugeuka. "Sogea kidogo, Bwana Mkaguzi, unatuzibia."

Alisogea. Akasimama nyuma ya benchi la mwisho, bahasha ya Serikali kifuani, akatazama maji yakipanda. Yalipanda yakapita mahali alipokuwa akifia miaka yote, yakafika juu kabisa, yakamwagika, na akina mama wakapiga makofi. Alipiga makofi na yeye. Kisha akainama sikioni mwa Mama Kalondu akanong'ona kitu, na Mama Kalondu akatazama foleni ya kwenye mabenchi, akahesabu vichwa, akamjibu kwa upole.

Fomu aliyoipeleka ofisini Jumatatu ilijazwa kwa mwandiko safi, na ipo kwenye faili hadi leo:

*Boma: la Mama Kalondu. Kaseti zilizokutwa: tatu. Hali: njema. Ukiukaji: hakuna. Maoni ya mkaguzi: Mkaguzi aliomba raundi moja. Aliambiwa arudi Alhamisi.*